Salamu za Ema kwa Mzee Nahumu

Ema alikuwa msuka vikapu, na mikono yake ilijulikana kutoka Njombe hadi Makambako. Kikapu chake cha unga kilisimama wima hata kikiwa kitupu, na mwanamke aliyekuwa nacho hakumwazima mtu. Alikuwa mjane, Mlutheri, mfupi wa kimo na wa maneno. Ungewauliza majirani, wangekuambia kwamba Ema hajawahi kugombana na mtu tangu aolewe kijijini pale. Majirani walijua vikapu tu. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Ema hata kovu alikuwa hajapata bado, alikuwa na kidonda kibichi.

Mambo yalianza wakati wa vita vya Wazungu, mwaka wa arobaini na nne. Serikali ilitaka vijana wa kwenda kukata mkonge Tanga, wapende wasipende, na kila jumbe alipewa idadi yake. Jumbe wa pale alikuwa Nahumu, ambaye alikuwa pia mzee wa kanisa. Siku sita alikuwa mtu wa boma na siku ya saba alikuwa mtu wa Mungu, na koti lilikuwa lile lile. Alitakiwa kupeleka vijana kumi. Alikuwa na tisa, na wa kumi, kwa haki, alikuwa Yosefu, mwanawe mwenyewe.

Asubuhi moja Nahumu akaja kwa Ema. Akapewa kigoda, akapewa togwa, akauliza habari za mahindi na za mvua. Kisha akasema, kama mtu anayeongea tu kupitisha wakati, "Mama Enoki, hivi una watoto wangapi wa kiume?"

Pale uani alikuwapo Enoki, mwana wa kumzaa, akipasua kuni. Alikuwapo na Gideoni, mtoto wa marehemu dada yake, akinoa jembe, mguu wake wa kushoto uliosinyaa tangu utotoni ameunyoosha mbele. Ema alimchukua Gideoni siku ile ile waliyomzika dada yake, akamlea na Enoki katika mkeka mmoja. Kwa Wabena mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na mwanamke anayemtenga katika hesabu huku mwenyewe anasikia, afadhali angemzaba kofi. Ema hakufikiri hata kidogo.

"Wawili, baba," akajibu.

"Mungu awatunze," Nahumu akasema, akamaliza togwa yake, akaaga.

Ema hakujua kwamba boma lilikuwa limetangaza kuwa mwana pekee wa mjane aachwe. Tangazo lilisomwa barazani, na barazani wanawake hawakuitwa. Wiki iliyofuata Enoki akaandikwa wa kumi. Gideoni na mguu wake hakutakiwa na mtu. Ema alisimama kando ya barabara kuu, akaliona lori likipita na vijana wamesimama nyuma wameshikana mabega, likaelekea Makambako na kutokomea.

Baada ya miezi minane zikarudi barua na koti. Homa ilimchukua Enoki, na walimzika huko huko Tanga. Ema akalia kama watu wanavyolia, watu wakaja, wakaondoka, naye akarudi kwenye vikapu vyake. Huenda yangeishia hapo. Lakini mwaka uliofuata Odilo, mmoja wa wale kumi, alirudi, akaja kumpa pole. Katika maongezi akasema jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona dogo.

"Pale boma karani aliuliza, huyu si mtoto wa mjane? Mzee Nahumu akasema, mama yake anao wawili, kasema kwa kinywa chake. Ndipo karani akaandika."

Ema alimtengea Odilo viazi, akamsikiliza hadi mwisho, akamsindikiza hadi njia panda. Aliporudi akachukua panga, akaketi kulinoa. Nahumu alikuwapo siku ya kumzika mama yake Gideoni. Nahumu mwenyewe ndiye aliyeomba Mungu ambariki Ema kwa kumpokea yule kitoto. Alijua hesabu ile vizuri kuliko alivyoijua mistari ya Zaburi, akaja kunywa togwa ya Ema na kumchukua Enoki kwa kinywa cha mama yake mwenyewe.

Panga lilinolewa siku tatu. Gideoni alilitazama, akaondoka na jembe lake.

Kwa panga Ema hakufanya kitu. Wabena wana akili, na mwanamke anayemkata jumbe ananyongwa, na jumbe anaimbiwa nyimbo nzuri kaburini. Aliwaza kuchoma ghala la Nahumu. Aliwaza kukata machipukizi yote ya mianzi yake, akose pombe yake ya ulanzi mwaka mzima, ijapokuwa mzee wa kanisa hakutakiwa kuwa na ulanzi na kila mtu alijua anao. Aliwaza usiku na mchana, na katika kuwaza huko mambo yakaanza kumwendea kombo.

Alitia chumvi kwenye mboga, akasahau, akatia tena. Gideoni alikula, akanywa vikombe viwili vya maji, na Ema mwenyewe hakuonja tofauti. Siku nyingine aliteremka bondeni kukata milulu, yale majani marefu ya kusukia. Akaketi ukingoni mwa maji hadi jua likageuka, akarudi nyumbani mikono mitupu na mundu mkavu, asijue alikuwa amekwenda kufanya nini. Watoto wa jirani walipocheka njiani, moyo ulimruka kama aliyefumaniwa akiiba. Na siku moja Gideoni alipoangusha chungu kikavunjika, Ema alisikia mdomo wake ukisema, "Afadhali wangekuchukua wewe."

Gideoni aliokota vigae kimoja kimoja. Tangu siku ile akawa anakula nje.

Ema hakuomba radhi. Alijua amekosa, lakini ndani mwake hapakuwa na nafasi ya kosa lake mwenyewe, kote alikuwa amejaa Nahumu.

Mwezi wa pili akachukua vikapu sita kwenda kuuza Makambako, pale malori ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe yanapokutana. Siku zote aliketi karibu na Telesia, mwanamke Mkatoliki wa Uwemba aliyeuzia abiria uji wa ulezi. Kabla ya kuolewa Makambako, Telesia alifagia wodi ya masista kwa miaka kumi na miwili, na mtu akifagia mahali miaka kumi na miwili huokota mengi zaidi ya takataka.

Telesia akachukua kikapu kimoja, akakizungusha. Kilikuwa kimepinda upande, na mdomo umebanwa. Akajaribu kuingiza ngumi yake, ikagota.

"Nani kasuka hiki?"

"Mimi."

"Wewe uliyenisukia kile changu?" Telesia akakiweka chini, akaacha kukoroga uji. "Mama Enoki, chakula bado kina ladha?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu tu, dada. Kina ladha?"

Ema akakivuta kikapu, akajaribu kukinyoosha.

"Na umemgombeza nani juzi bila sababu?"

Hapo machozi yakamtoka Ema, naye akayakasirikia, akayafuta kwa kiganja kama anayefukuza nzi.

"Kule Uwemba," Telesia akasema, "walikuja watu wameshika tumbo, wameshika kifua, dawa zote zikashindwa. Sista mmoja alikuwa akiwauliza hivyo hivyo, vimaswali vya kitoto. Chumvi unaionja? Umesahau nini? Nani amekuudhi, na nani umemwudhi badala yake? Mtu akiumia mguu, utamwona anachechemea. Aliyeumia ndani naye anachechemea, ila anachechemea kwa ulimi, kwa kusahau, kwa mikono. Wewe unachechemea. Kikapu chako kinachechemea."

"Na mtu mwingine akiwa nayo hali hiyo, unamtambuaje?"

Telesia alidhani Ema anamwulizia mtu anayempenda. Akamweleza vizuri: atahesabu kitu kile kile mara mbili mbili, ataruka akiitwa jina, atavaa bila kujitazama, atakaripia walio dhaifu, atakwepa njia fulani bila sababu. "Na dawa yake ni kulitoa neno lililo ndani. Amwambie aliyemkosea, ana kwa ana, mbele ya watu. Neno likikaa ndani linaoza na kumwozesha mwenyewe."

Ema akachukua nusu aliyoitaka, ile nyingine akaiacha pale pale kwenye majivu ya Telesia. Alirudi nyumbani akitembea kwa wepesi, mara ya kwanza tangu Odilo aje. Panga halikuwa na kazi tena. Kumbe mtu huweza kuchanika kutoka ndani, na yeye alishajua kwa mwili wake jinsi inavyoanza.

Jumapili ile akavaa koti la Enoki. Lilimfika magotini. Akaketi benchi la mbele, na ibada ilipokwisha akamngoja Nahumu mlangoni, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mwanamke mwenye adabu.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mama."

"Mama Yosefu hajambo?"

"Hajambo."

"Na Yosefu? Yosefu hajambo?"

Nahumu akatazama koti. "Hajambo," akasema.

"Mungu amtunze."

Basi. Hakuongeza hata neno. Na nani angemlaumu? Salamu ni haki ya kila mtu. Jumatano akakutana naye kwenye njia ya kisimani: Yosefu hajambo? Ijumaa akamfuata shambani kwake kuomba mbegu ya maharage: na Yosefu, hajambo? Mbele ya watu, kwa sauti laini, na kila mara Nahumu akalazimika kufungua kinywa na kujibu kwamba mwanawe yu hai, ana afya, anakula. Dawa ya moto ni moto, na Ema aliuwasha wake kidogo kidogo, kama mtu anayechemsha maharage.

Akamtazama kama Telesia alivyomfundisha. Juma la tatu Nahumu akaanza kuzunguka kwa njia ya juu. Ema naye akapanda njia ya juu. Juma la tano, akisoma barazani amri ya boma, akarudia mstari mmoja mara tatu bila kujua. Kanisani alihesabu watu, akafika kwenye benchi la mbele, akasahau, akaanza upya, na upya tena, hadi vijana wakaanza kucheka. Akaja amefunga vifungo vya koti vibaya. Akamfokea mkewe Emilia hadharani kwa sababu ya ufunguo uliokuwa mfukoni mwake mwenyewe. Ema aliyapokea haya yote kwa furaha, na tuseme kweli, ilikuwa furaha tamu. Jioni alisuka akijisemea, kahesabu mara tatu, kahesabu mara tatu. Mikono yake ilivuta milulu kwa nguvu, na vikapu vikazidi kubana mdomo, lakini yeye hakuwa akitazama vikapu.

Mchungaji Anania alipita pale mara moja kila miezi mitatu kuwapa watu Meza ya Bwana. Kabla ya kuja kwake, desturi ilikuwa kila Mkristo ajiandikishe kwa mzee wa kanisa, na mzee amuulize: una neno na mtu? Mwenye neno hakuandikwa hadi wapatane. Tangu Odilo aje, Ema alikuwa amesimama mbele ya Nahumu mara mbili, akaulizwa, akajibu, "Sina, mzee," naye akamwandika kwa mkono wake.

Safari ile, kabla ya Pasaka, Mchungaji alitangulia siku chache, na jambo la kwanza alilofanya ni kuja kwa Ema. Nyuma yake alikuja Nahumu, amekonda, kofia mkononi.

"Mama," Mchungaji akasema walipoketi, "mzee huyu amekuja kwangu akilia. Anasema alikukosea katika habari ya marehemu Enoki, na ya kuwa anajua una neno naye. Anataka kukuomba msamaha. Sema neno lako, naye aseme lake, tuombe pamoja."

Nahumu alipiga magoti. Magoti ya mwanamume mzee, kwenye udongo, mbele ya msuka vikapu. Ema alikuwa ameota jambo hili tangu panga likiwa butu. Na sasa lilipofika akaona kwamba kama atasema nina neno, basi atatakiwa kusema nimesamehe, na Nahumu atainuka, atafuta magoti, ataenda nyumbani kula na Yosefu.

"Mimi?" akasema kwa upole. "Mimi sina neno na mzee."

"Mama Enoki," Nahumu akasema. "Tafadhali."

"Mchungaji, tazama kitabu chake. Ameniandika mwenyewe mara mbili kwamba sina neno. Au mzee wetu aliandika uongo katika kitabu cha Mungu? Sasa nimsamehe nini, wakati hakuna kitu?" Akamgeukia Nahumu. "Yosefu hajambo?"

Mchungaji akainuka, akamwinua na Nahumu. Alielewa, lakini hakuna kanuni ya kanisa inayomlazimisha mtu kuwa na kinyongo. Wakaondoka. Ema aliwasikia wakiteremka, mmoja akimshika mwenzake mkono, na usiku ule akalala fofofo hadi kulipokucha.

Asubuhi alimkuta Emilia uani. Mke wa Nahumu alikuwa amesimama na mtungi kichwani, kitambaa chake kimegeuzwa nje ndani, pindo juu. Mtungi ulikuwa mkavu.

"Kamwene, dada. Umetoka kisimani?" Ema akauliza.

"Eee," Emilia akasema. Akaushusha mtungi, akachungulia ndani yake kwa muda, kisha akamtazama Ema. "Nilikuja kufanya nini?"

Ema alijikuta ameketi. Aliona ukingo wa maji, jua likigeuka, mundu mkavu. Emilia ndiye aliyemuogesha dada yake Ema kwa mara ya mwisho. Emilia alileta ugali siku tisa mfululizo ilipokuja barua ya Tanga, akaosha na vyungu, na hakujua lolote kuhusu karani wala togwa, kwa sababu barazani hata yeye hakuitwa. Sumu aliyompelekea Nahumu, Nahumu alikuwa akiimwaga nyumbani kila siku, na aliyekuwa akiinywa ni huyu. Ndivyo Ema naye alivyofanya, maana sumu ya kidonda chake mwenyewe nani alikuwa akiinywa? Akatazama nje ya ua. Gideoni alikuwa ameketi juu ya jiwe, amewapa mgongo, akila kiporo peke yake.

Ema alimfunga Emilia kitambaa vizuri, akaenda naye kisimani, akamjazia maji.

Siku ya kujiandikisha watu walijipanga nje ya kanisa hadi kwenye misonobari. Mchungaji alikuwa ndani. Nahumu alikuwa mezani na kitabu chake, kalamu mkononi, kwa sababu kazi ni kazi hata kwa mtu aliyekataliwa msamaha. Zamu ya Ema ikafika. Alikuwa amevaa lile koti. Nahumu hakuinua macho.

"Una neno na mtu?"

"Ninalo."

Mstari wote ukageuka. Desturi ilidai swali la pili, na Nahumu akaliuliza, sauti ikiwa nyembamba kama uzi. "Na nani?"

"Na wewe, Nahumu. Ulikuja kwangu, ukanywa togwa yangu, ukaniuliza nina wana wangapi. Ulijua nitajibu wawili, maana Gideoni alikuwa anasikia, nawe ulinijua. Ukachukua jibu langu ukalipeleka boma, ukamweka Enoki wangu mahali pa Yosefu wako, na Enoki wangu amekufa. Sema kama nimedanganya."

Alisema kwa sauti iliyofika hadi mtu wa mwisho. Emilia alikuwa katika mstari. Yosefu alikuwa katika mstari.

"Hujadanganya," Nahumu akasema.

"Basi andika. Andika Ema ana neno. Na usiandike kwamba nimesamehe, sijafika huko, na sitasema nimefika kwa ajili ya kukupumzisha. Siku nikifika utaambiwa. Sitakuuliza tena habari za Yosefu." Akavuta pumzi. "Na mtu wa pili mwenye neno nami yuko pale kwenye misonobari, nilimwambia jambo ambalo mama hasemi. Huyo nakwenda kupatana naye mimi mwenyewe."

Hakuandikwa. Pasaka ile hakupata Meza ya Bwana, na Nahumu pia hakupata. Koti la uzee wa kanisa alivuliwa kabla ya mavuno. Wako waliosema Ema amemaliza mtu. Ndiyo, alimmaliza, na hakuna siku aliyosema anajuta.

Gideoni alikuwa amesikia yote akiwa ameegemea msonobari. Walitembea kurudi nyumbani, Ema akipunguza hatua zake zilingane na za ule mguu. Walipofika mtoni akasema, "Mwanangu, lile neno la chungu."

"Nilikwisha kulisahau, mama."

"Hujalisahau."

Gideoni akafikiri. "Sijalisahau," akakubali. "Lakini ungejibu mmoja siku ile, mimi ningekuwa nani?"

Jioni wakala pamoja ndani. Mboga ilikuwa na chumvi nyingi, na Ema ndiye aliyesema kwanza, akakunja uso, akaongeza maji.

Mwezi wa tano akaenda tena Makambako. Telesia akaingiza ngumi katika kikapu cha kwanza, ikaingia, na kiwiko pia. Abiria mmoja wa lori la Mbeya akakinunua, mama mnene mwenye maneno mengi, na akiwa anakingoja kifungwe akauliza kama watu wanavyouliza njiani, "Na wewe mama, Mungu amekupa watoto wangapi?"

Telesia akaacha kukoroga uji.

"Wawili," Ema akasema.

"Wote wazima?"

"Mmoja yuko Tanga, kazikwa. Mmoja ndiye yule anayekuja na mzigo wa milulu." Akakaza fundo, akamkabidhi kikapu chake.